Ngazi ya Kati: Kemia ya Shahada ya Kwanza Ikitazamwa Kutoka Katelembo

Katelembo ni sehemu ya viunga vya mji wa Machakos, katika nchi ya Wakamba, na jina lake limejulikana nje ya eneo hilo hasa kwa sababu ya chama cha ushirika cha wakulima na wafugaji kinachobeba majina matatu kwa pamoja, yaani Katelembo, Athiani na Muputi. Si mahali ambapo mwandishi wa historia ya sayansi angetarajiwa kuanzia, kwa kuwa hapana maabara mashuhuri wala ugunduzi uliopewa jina lake. Hata hivyo, historia ya masomo ya kemia katika Afrika Mashariki huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kutoka anakotoka mwanafunzi kuliko ikitazamwa kutoka ofisi ya mkuu wa kitivo, kwa sababu ofisi hiyo huhesabu mitaala na walimu, ilhali mwanafunzi hukutana kwanza na umbali, karo, na pengo lililopo kati ya yale aliyofundishwa shuleni na yale anayodhaniwa kuyajua siku ya kwanza ya mhadhara. Pengo hilo ndilo linaloitwa hapa ngazi ya kati. Katika kipindi cha miaka sabini na zaidi, kiini cha kemia inayofundishwa kwa shahada ya kwanza hakikubadilika sana, lakini ngazi ya kati imehamishwa mara kadhaa, kutoka chuo hadi shule na kutoka shule kurudi chuoni, na kila uhamisho umebadilisha ni vijana gani wanaofika na wanafika wakiwa na nini.

Kemia ya chuo kikuu imegawanywa kwa desturi katika matawi matatu. Kemia kaboni huchunguza kampaundi za kaboni, ambazo ni nyingi kupita zile za elementi nyingine zote. Kemia isokaboni huchunguza elementi zilizobaki na kampaundi zake, zikiwamo metali, chumvi, oksidi na madini ya ardhini. Kemia ya kifizikia haichunguzi kundi fulani la vitu, bali sheria zinazotawala vitu vyote: kwa nini mmenyuko, yaani tendo la vitu kugeuka kuwa vitu vingine, hutokea au hautokei, hutoa joto kiasi gani, huenda kwa kasi gani, na hufikia wapi kabla ya kutulia katika msawazo, ambayo ni hali ambapo kwenda na kurudi kwa mmenyuko huwa kwa kasi moja. Tawi hili lilipata umbo la somo linalojitegemea mwaka 1887, Wilhelm Ostwald na Jacobus van 't Hoff walipoanzisha jarida lao la Kijerumani la kemia ya kifizikia. Miaka sita baadaye, mwaka 1893, Alfred Werner wa Zürich alieleza jinsi atomu ya metali inavyoweza kuzungukwa na molekuli au ioni nyingine kwa mpangilio maalumu angani, na maelezo hayo yakaipa kemia isokaboni nadharia yake ya kwanza yenye nguvu. Kabla ya hapo lilikuwa somo la kukariri tabia za elementi moja baada ya nyingine, na kwa wanafunzi wengi liliendelea kuwa hivyo kwa muda mrefu baada ya Werner kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Elimu ya vitendo kuhusu vitu visivyo vya kaboni ilikuwapo Ukambani kabla ya shule. Wahunzi wa Wakamba, waliosifika hasa kwa mikufu yao myembamba, walipata chuma kutokana na mchanga mweusi unaobaki kwenye mikondo ya mito baada ya mvua, nao waliuosha ili chembe nyepesi zichukuliwe na maji na zile nzito zibaki. Mchanga huo kwa sehemu kubwa ni magnetiti, oksidi yenye atomu tatu za chuma kwa kila atomu nne za oksijeni. Makaa yakiwaka tanurini kwa hewa inayosukumwa na mivukuto hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo ndiyo inayokinyang'anya chuma oksijeni yake. Joto la tanuri la namna hiyo hufika takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi, ilhali chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Kwa hiyo chuma hakimiminiki, bali hubaki bonge lenye matundu, lililochanganyika na mavi ya chuma, na mhunzi hulifua bonge hilo likiwa moto hadi takataka zitoke.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu hukutana na tanuri hilo hilo katika sura ya grafu. Mwaka 1944 Harold Ellingham wa London alichora mchoro unaoonyesha, kwa kila metali, jinsi mshiko wake juu ya oksijeni unavyobadilika joto linapopanda. Mistari ya metali nyingi huonyesha mshiko ukilegea, lakini mstari wa kaboni inayogeuka kuwa monoksidi huelekea upande mwingine, kwa sababu kaboni ngumu ikiungana na oksijeni huzaa gesi nyingi kuliko ile iliyotumika, na kuongezeka kwa gesi ni kuongezeka kwa entropia, yaani kipimo cha namna chembe na nishati zinavyoweza kutawanyika. Mahali mistari miwili inapokatana ndipo kaboni inapoanza kushinda, na kwa oksidi ya chuma makutano hayo yako karibu na nyuzi 700. Dai linalopendwa katika hotuba, kwamba mhunzi wa kale alikuwa tayari mwanakemia, halimtendei haki mhunzi wala mwanakemia. Mhunzi alijua kwa jicho na kwa mkono mambo ambayo mchoro hauyasemi, kama vile ni mti gani unaotoa makaa mazuri na rangi gani ya moto inatosha; mchoro kwa upande wake humwezesha mtu ambaye hajawahi kushika nyundo kueleza kwa nini makaa yale yale hayawezi kutoa alumini katika udongo mwekundu uliojaa oksidi yake, hata tanuri lipulizwe siku kucha. Kwa jinsi mitaala ilivyoandikwa, mambo haya mawili hayakukutanishwa, na mifano ya kuyeyusha chuma iliyofundishwa Machakos ilikuwa ile ya matanuri marefu ya Ulaya.

Mfano wa pili wa kutokutanishwa huko ulipita kwa reli. Ziwa Magadi, lililo chini ya Bonde la Ufa, lina tabaka nene la trona, chumvi inayoundwa na kaboneti ya sodiamu, bikaboneti ya sodiamu na maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli ya kutoka ziwani iliunganishwa na reli kuu katika stesheni ya Konza, kwenye nyanda zilizo kusini-magharibi mwa Machakos, hivi kwamba magadi yote yaliyokuwa yakielekea bandari ya Mombasa yalipita pembezoni mwa nchi ya Wakamba. Trona ikichomwa hupoteza maji na gesi ya kaboni dioksidi, na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu, malighafi ya kioo na sabuni. Vitabu vya kemia vilivyoletwa kutoka Uingereza viliipa nafasi kubwa zaidi njia ya Ernest Solvay, Mbelgiji aliyebuni katika miaka ya 1860 namna ya kutengeneza kaboneti hiyo kwa chumvi ya kawaida, chokaa na amonia, njia ambayo Ulaya iliihitaji kwa sababu haikuwa na ziwa kama Magadi. La kushangaza kidogo ni kwamba Brunner Mond, kampuni iliyotajirika Uingereza kwa njia ya Solvay, ndiyo iliyokuja kuimiliki Magadi katika miaka ya 1920, kwa hiyo wenye kiwanda walizijua njia zote mbili vizuri sana. Aliyejua moja tu alikuwa mwanafunzi. Mitaala ya sekondari ya Kenya imekwisha kurekebisha jambo hili, na trona sasa hufundishwa sambamba na Solvay.

Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza kabla ya Nairobi kuwapo. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilifungua boma lake hapo mwaka 1889, lakini reli ilipopita mbali na mji huo na kufika Nairobi mwaka 1899, makao ya utawala yakahamia huko, na Machakos ikabaki mji wa wilaya. Shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1915, ambayo baadaye ilikuwa Machakos School, ilizaliwa katika fikra za wakati ule kwamba Mwafrika alihitaji mafunzo ya mikono: useremala, uashi na kilimo. Kemia haikuwa na nafasi katika mpango huo isipokuwa kwa njia ya mbolea na dawa za mifugo. Kijana aliyetaka sayansi ya sekondari alipaswa kuondoka wilayani, na kwa wachache waliobahatika, mlango ulikuwa Alliance High School huko Kikuyu, iliyoanzishwa na makanisa mwaka 1926.

Kwa aliyepita mlango huo, chuo kilikuwa Kampala. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikapandishwa hadhi hatua kwa hatua, hasa baada ya tume ya De La Warr ya mwaka 1937 na ile ya Asquith iliyotoa ripoti yake mwaka 1945, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Uhusiano huo ulikuwa na maana mahususi kabisa: mtaala uliidhinishwa London, mitihani ilitungwa na kusahihishwa kwa ushirikiano na watahini wa London, na shahada iliyotolewa ilikuwa ya London. Mhitimu wa kwanza alipopokea shahada yake Makerere mwaka 1953, alikuwa amepimwa kwa kipimo kile kile alichopimiwa mwanafunzi wa Uingereza. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba shahada ya Mwafrika ilikuwa ya daraja la pili. Hasara yake ilikuwa kwamba migawanyo, mifano na hata mpangilio wa maabara vilifika vikiwa vimekamilika, pamoja na ile desturi ya kuitenga kemia ya kifizikia, isokaboni na kaboni katika karatasi tatu za mtihani, desturi ambayo katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki ingali hai katika orodha ya kozi.

Ngazi ya kati, katika miaka hiyo, ilikuwa ndani ya chuo chenyewe. Shule za Kenya ziliishia kwenye cheti cha Cambridge, ambacho kilikuwa chini ya kiwango cha kuingilia shahada ya London, kwa hiyo mwanafunzi aliyefika Makerere kwa reli kutoka Nairobi alianza kwa kozi ya awali ya miaka miwili kabla ya kuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa shahada. Humo ndimo alimofundishwa hesabu za msawazo, nguvu ya asidi dhaifu, na vipimo vya umeme unaozalishwa metali mbili zinapozamishwa katika myeyusho wa chumvi zake. Alifundishwa na wahadhiri wale wale ambao wangemfundisha shahada, katika maabara zile zile, na aliyechujwa alichujwa baada ya kuona vyombo. Mpango huo ulikuwa wa gharama na uliwahudumia wachache mno, lakini kwa somo linalotegemea mikono kama kemia ulikuwa na busara ambayo haikurudiwa tena kwa ukamilifu.

Mwaka 1956 Nairobi ilipata chuo chake, Royal Technical College, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka huo kikiwa kimeunganishwa na mradi wa jamii ya Kihindi wa kumkumbuka Gandhi. Mwaka huo huo, huko University College London, Ronald Nyholm, Mwaustralia aliyekuwa amepewa kiti cha uprofesa wa kemia, alitoa mhadhara wake maarufu kuhusu kufufuka kwa kemia isokaboni, akidai kwamba nadharia ya kwanta, inayoeleza tabia za elektroni ndani ya atomu, imeligeuza somo la kukariri kuwa somo la kufikiri. Mwaka uliofuata yeye na Ronald Gillespie walichapisha kanuni inayomwezesha mwanafunzi kukisia umbo la molekuli kwa kuhesabu jozi za elektroni zinazosukumana kuizunguka atomu ya katikati, na kanuni hiyo hadi leo hufundishwa katika muhula wa kwanza. Kwa kuwa mtaala wa Nairobi ulifungamanishwa na London baada ya chuo kubadilishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1961, mageuzi ya Nyholm yalifika Kenya bila kuchelewa sana, yakifuatiwa na kitabu kikubwa cha Cotton na Wilkinson cha mwaka 1962 na kile kifupi zaidi cha J. D. Lee cha mwaka 1964. Upande wa kemia ya kifizikia, kitabu kinene cha Samuel Glasstone cha mwaka 1940 kilitawala hadi P. W. Atkins alipotoa chake mwaka 1978. Kati ya 1963 na 1970 vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, mkuu wake wa heshima akiwa Julius Nyerere, na baada ya hapo kila nchi ikabaki na chake. Sayansi jijini Nairobi ilikaa Chiromo, mahali palipokuwa na jumba la mlowezi Ewart Grogan.

Hapa ndipo ngazi ya kati ilipohama kwa mara ya kwanza. Tangu mapema miaka ya 1960 madarasa ya kidato cha tano na cha sita yalifunguliwa katika shule teule za Kenya, na kozi ya awali ya chuoni ikaondolewa. Kemia ya msawazo, elektrodi na elementi za mpito, yaani metali kama chuma, shaba na kromiamu ambazo chumvi zake huwa na rangi, ikawa kazi ya mwalimu wa shule, na shahada ikawa ya miaka mitatu. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1967, mtihani nao ulianza kutoka mikononi mwa Cambridge. Shule chache zenye maabara nzuri zilipata nguvu kubwa, kwa sababu zilikuwa na chumba cha mizani, gesi ya kichomeo na mwalimu mwenye shahada, na kijana wa Machakos aliyepata nafasi katika mojawapo alifika Chiromo akiwa ameshika bureti, ule mrija mrefu wenye alama, wa kudondoshea myeyusho kwa kipimo, mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Shule za harambee, ambazo Wakamba walizijenga kwa michango yao kwa wingi katika miaka hiyo, ziliishia kidato cha nne, na nyingi hazikuwa na maabara hata ya kiwango hicho. Ujamaa wa harambee ulijenga madarasa. Haukuweza kujenga ngazi ya kati.

Namna elimu hiyo inavyohusiana na mahali inaweza kuonwa katika jaribio moja dogo. Vitabu husema maji huchemka kwa nyuzi 100, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa akizamisha kipimajoto ataona karibu hivyo. Machakos iko takriban meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo, yaani msukumo wa hewa juu ya uso wa maji, ni kama kilopaskali 84 badala ya 101, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Mwanafunzi asiye na mwalimu makini hudhani kipimajoto kimeharibika, na kuna daftari zisizo chache ambamo namba imesahihishwa ili ilingane na kitabu. Mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, unaofundishwa katika mwaka wa kwanza au wa pili, hufunga jambo hilo lote: ukijua joto linalohitajika kukigeuza kiasi fulani cha maji kuwa mvuke, unaweza kukokotoa maji yatachemka kwa nyuzi ngapi katika kanieneo yoyote ya hewa, na ukiandika vipimo vya sehemu za mwinuko tofauti kwenye grafu ya logi, mteremko wa mstari hukupa joto hilo la mvuke bila kulipima moja kwa moja. Nchi inayoshuka kutoka milima ya Ukambani hadi pwani ni maabara nzuri ya mlinganyo huo kuliko Leipzig au London, ambazo zote ziko karibu na usawa wa bahari, na ndiyo maana pia mahindi na maharagwe ya isyo huchukua muda mrefu kuiva vilimani. Hata jumuiya ya kimataifa ya wanakemia iliposhusha kanieneo rasmi ya vipimo mwaka 1982 kutoka kilopaskali 101.325 hadi 100 kamili, kiwango hicho kilibaki juu ya hewa ya Machakos.

Jaribio lingine la kawaida linahusu maji yenyewe. Maji ya visima katika sehemu nyingi za nchi kavu ya Ukambani yana kalisiamu na magnesiamu ya kutosha kuzuia sabuni kutoa povu. Mwanafunzi hupima ugumu huo kwa kutia maji katika chupa yenye umbo la pia, kuongeza myeyusho wa amonia unaoshikilia hali ya ubesi isibadilike, na kutupia punje chache za kiashiria, yaani rangi inayobadilika kadiri metali zinavyopatikana, hadi maji yawe mekundu kama zambarau iliyoiva. Kisha hudondosha kutoka bureti myeyusho wa EDTA, molekuli yenye mikono sita inayoikumbatia ioni ya metali pande zote kama Werner alivyoeleza, na ambayo Gerold Schwarzenbach, huko huko Zürich, aliifanya kifaa cha upimaji katika miaka ya 1940. Wekundu hufifia, huingia rangi ya katikati isiyo na jina, na tone moja la mwisho hugeuza chupa nzima kuwa buluu. Ustadi uko katika kulitambua tone hilo kabla halijaanguka, na ustadi huo haupatikani kwa kumtazama mwingine akifanya.

Mwaka 1985, kwa kufuata ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kidato cha tano na cha sita vilifutwa, na mwaka 1990 kundi la kwanza la mfumo mpya likaingia vyuoni pamoja na kundi la mwisho la mfumo wa zamani. Ngazi ya kati ikarudi chuoni, lakini katika hali tofauti kabisa na ile ya Makerere: miaka miwili ya kidato ilikunjwa kuwa mwaka mmoja wa nyongeza, na mwaka huo ulijazwa pia kozi za jumla za mawasiliano na maendeleo. Wahadhiri waliozoea kuanza na nadharia ya kwanta walijikuta wakifundisha upya dhana ya mole, yaani kipimo cha kuhesabia chembe, kwa kumbi zilizojaa hadi mlangoni, wakati ule ule ambapo bajeti za serikali zilikuwa zikipunguzwa na wanafunzi kuanza kuchangia gharama. Maabara ilikuwa ya kwanza kuumia, kwani mhadhara unaweza kuongezewa viti lakini meza ya maabara haiwezi kuongezewa bomba la gesi kwa siku moja. Majaribio ya mtu mmoja mmoja yakawa ya vikundi, na mengine yakawa ya kuonyeshwa tu. Ni haki kusema upande wa pili: bila 8-4-4 wanafunzi wengi wa shule za kutwa za Machakos wasingefika chuoni kabisa, kwa sababu shule zao zisingepata kamwe kidato cha tano. Mlango ulipanuliwa kwa kuishusha ngazi, na gharama ikalipwa mezani pa maabara.

Wengi wa waliosoma kemia hawakuisoma ili wawe wanakemia. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichopata hadhi kamili mwaka 1985, na hata Nairobi, sehemu kubwa ya wanafunzi wa kemia walikuwa walimu watarajiwa waliounganisha somo hilo na hisabati, biolojia au fizikia, kwa hiyo udhaifu wowote wa maabara ya chuo ulirudi shuleni baada ya miaka minne pamoja na mwalimu mpya. Mradi wa kuwaimarisha walimu wa sayansi na hisabati ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani ulitambua mzunguko huo, na miongoni mwa wilaya chache za majaribio ilikuwamo Makueni, iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Mafunzo yake yalisisitiza majaribio ya vifaa vya kubuni, kama vile chupa za plastiki na betri za tochi, mahali pa vyombo vya kioo. Kwa kidato cha pili njia hiyo ilitosha. Kwa ngazi ya kati, inayohitaji mizani ya usahihi wa miligramu, isingeweza kutosha.

Umbali ulipungua hatimaye mwaka 2011, taasisi ya ufundi ya Machakos ilipogeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Kenyatta, na mwezi wa Oktoba 2016 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Machakos. Kwa mara ya kwanza kijana wa Katelembo aliweza kusoma sayansi ya shahada akitoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Chuo kilichozaliwa kutokana na ufundi kilirithi karakana nzuri kuliko maabara za kemia, na pengine si bahati mbaya, kwa kuwa saruji ya Athi River, chokaa, rangi na maji ya visima, ambavyo ni kemia isokaboni yenye wateja, viko katika Kaunti ya Machakos.

Sasa ngazi inahama tena. Mfumo wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umepanga miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo kikuu, na jopo la rais lililoupitia upya mwaka 2022 na 2023 liliongozwa na Raphael Munavu, ambaye taaluma yake ni kemia. Shahada ya miaka mitatu haiwezi kubeba mwaka wa kufidia, kwa hiyo msawazo, elektrodi na elementi za mpito lazima virudi katika sekondari ya juu, kwenye mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao shule iliyo na maabara pekee ndiyo inayoweza kuufundisha kwa vitendo. Kundi la kwanza lilipangiwa kuingia darasa la kumi mwaka 2026, na litakuwa milangoni mwa vyuo vikuu mwaka 2029, ambapo idara za kemia zitapaswa kuwa zimekwisha kuamua ni kozi zipi za mwaka wa kwanza zitakazoondolewa na ni shule zipi zitakazoaminiwa kuwa zimezifundisha.